Haki Si Msaada: Tuwafundishe Watoto Wetu Kusoma Hotuba

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Maneno haya niliyatoa mjini Kajiado, kwenye kikao cha wazazi, maalim na vijana wanaojitolea kwenye madrasa za kaunti yetu. Baada ya kikao, wengi walioshindwa kufika waliomba niyaweke hapa kwenye ukurasa. Nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema, kwa hivyo ukiona naongea kama niko mbele yako, usishangae. Jihesabu umo chumbani pamoja nasi.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, wacha nianze na swali la mtoto.

Wale wa Kitengela mnakumbuka Agosti 2024. Tarehe 19 ya mwezi huo, Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walichukuliwa. Siku zikapita, wiki zikapita, familia hazijui watu wao wako wapi. Mji mzima ulikuwa unaongea habari hiyo: ndani ya matatu, kwa kinyozi, sokoni, mpaka kwenye baraza ya msikiti baada ya Isha. Sisi watu wazima tulidhani watoto hawasikii. Jumamosi moja, darasani madrasa, mvulana wa gredi ya nne akainua mkono akaniuliza, "Ustadha, mtu akidai haki anachukuliwa?"

Nikamwambia tutaongea wiki ijayo.

Huo ndio ukweli na sitauficha. Nimefanya kazi ya kuhamasisha jamii miaka kadhaa sasa. Nimeshika vipaza sauti, nimeandika mabango, nimekaa kwenye vikao na maafisa. Lakini mtoto wa miaka kumi aliniuliza swali moja tu, nikatafuta pa kutokea.

Wiki iliyofuata nilikuja na Katiba ya 2010. Nikaandika ubaoni: kifungu cha 27, usawa. Kifungu cha 32, uhuru wa dini. Kifungu cha 37, haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Kifungu cha 49, haki za mtu aliyekamatwa. Kifungu cha 53, haki za mtoto. Watoto wakasoma kwa sauti, wakarudia, wakarudia tena. Ndani ya nusu saa walikuwa wameshahifadhi vyote, wanaviimba kama alifu, bee, tee. Nikafurahi. Kisha nikauliza, "Haya, usawa ni nini?" Kimya. Msichana mmoja akajitolea kuniokoa: "Usawa ni kifungu cha 27."

Tulicheka wote, lakini nilirudi nyumbani na uzito moyoni. Sisi Waislamu tunajua thamani ya kuhifadhi, na sitaki mtu aseme nimeidharau. Lakini hata Qur'ani yenyewe tumeamrishwa tuizingatie, sio kuipitisha ulimini tu. Mtoto anayejua namba ya haki yake lakini hajui haki yenyewe, siku akidhulumiwa atasimama pale na namba yake.

Ndipo nikajaribu njia nyingine, na hiyo ndiyo nimekuja kukueleza leo. Tuliacha orodha, tukachukua hotuba.

Kwa nini hotuba? Kwa sababu hotuba ina mtu anayesema, ina watu wanaosikiliza, ina siku yake, na kuna kitu kinatakiwa. Mtoto anaiona. Tena watoto wetu wanaishi ndani ya hotuba. Wanasikia khutba kila Ijumaa. Wanasikia baraza la chifu. Wanamsikia mwanasiasa juu ya gari pale barabara ya Namanga. Wanasikia nyingi sana, ila hakuna aliyewafundisha kuzisoma polepole, neno kwa neno, kama tunavyosoma ufahamu.

Tulianzia kwetu. Tulichukua khutba ya kuaga ya Mtume wetu (S.A.W.), aliyoitoa Arafa mwaka wa 10 Hijria. Sio yote. Nilichukua sehemu moja fupi, pale alipotangaza kwamba damu na mali za watu ni vitu vitukufu, akafuta riba na akafuta visasi vya damu vya zama za ujahili. Tukasoma mara ya kwanza kwa kusikiliza tu. Mara ya pili kila mtoto na penseli yake, anapigia mstari majina ya watu. Wakapata. Riba ya kwanza aliyoifuta ilikuwa ya Abbas, ami yake mwenyewe. Kisasi cha kwanza alichokifuta kilikuwa cha jamaa yake mwenyewe.

Nikauliza, "Mbona ameanza na watu wake?" Halafu nikanyamaza. Kunyamaza huku nilijifunza hapohapo. Katika Hija hiyohiyo, Mtume aliwauliza watu: leo ni siku gani, huu ni mwezi gani, huu ni mji gani? Wakanyamaza, wakidhani pengine atavipa majina mengine. Aliwaacha wafikiri kwanza. Sisi walimu tuna pupa, tunauliza na kujibu wenyewe.

Basi nikanyamaza. Mvulana mmoja akasema, "Ili watu wasiseme anaonea wengine." Mwingine akasema, "Kama unataka watu wafagie, si uanze na mlango wako?" Wallahi, sijawahi kusikia somo la usawa mbele ya sheria likielezwa vizuri kuliko hivyo. Na yule msichana wa kifungu cha 27 akaandika kwenye daftari lake: usawa ni sheria kuanza kwa wakubwa.

Tukaingia kwenye neno lenyewe, haki. Mtoto wa Kisomali akasema kwao wanasema xaq. Yule aliyezoea Kiarabu akasema haqq. Nikawaonyesha kwamba ni neno moja limetembea. Mtoto mmoja ambaye bibi yake ni Mmaasai akapewa kazi ya kwenda kumuuliza bibi neno la Kimaa na mfano wake. Kisha tukapanga maneno manne ubaoni: haki, ruhusa, zawadi, msaada. Kila mtoto alete mfano mmoja wa kila neno. Kalamu uliyopewa siku ya kuzaliwa? Zawadi. Kwenda kucheza kabla ya Asr? Ruhusa. Chakula jirani alichowaletea mlipofiwa? Msaada. Kwenda shule? Hapo darasa likagawanyika. Wengi walisema ni msaada wa baba.

Hebu fikiria. Kifungu cha 53 kinasema elimu ya msingi ya bure na ya lazima ni haki ya kila mtoto, na watoto wetu wanadhani wanafanyiwa hisani.

Hotuba ya pili tuliisoma Loitokitok, kwa watoto wadogo zaidi. Pale ukifungua dirisha asubuhi mawingu yakiwa mbali, mlima uko mbele yako. Oktoba 1959, Mwalimu Julius Nyerere alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, nchi yake bado iko chini ya Waingereza, akasema wangependa kuwasha mshumaa na kuuweka juu ya Kilimanjaro. Mwanga wake uvuke mipaka, ulete tumaini pasipo na tumaini, upendo penye chuki, na heshima penye unyonge. Watoto wakabishana kwanza kama mshumaa unaweza kuwaka pale juu na ule upepo wote. Nikawaacha wabishane. Mmoja akasema, "Sio mshumaa wa kweli, anataka watu wa mbali waone." Mwingine akasema, "Mlima uko Tanzania lakini sisi ndio tunauona!" Hapo wakaelewa kwamba heshima ya mtu haiishii Namanga kwenye kizuizi. Nikawamalizia kwamba tarehe 9 Desemba 1961, siku ya uhuru wa Tanganyika, mwenge uliwashwa kweli juu ya mlima ule. Kilichokuwa maneno mwaka wa 1959 kilikuwa moto mwaka wa 1961.

Tuliporudi Kitengela tukachukua hotuba ya Martin Luther King, ya tarehe 28 Agosti 1963, mjini Washington, mbele ya watu kama 250,000. Kila mtu anaijua ile sehemu ya ndoto. Mimi niliiacha ndoto, nikachukua sehemu ya mwanzo, ambayo wengi hawaisomi. Pale King anasema kwamba waasisi wa Marekani waliandika ahadi ya deni kwa kila raia, lakini mtu mweusi alipokwenda kuchukua chake alipewa hundi mbovu, ikarudi kwa sababu hakuna pesa za kutosha. Na akasema wao wanakataa kuamini kwamba benki ya haki imefilisika.

Watoto wa leo hawajui hundi. Nikaeleza. Mtoto mmoja akaruka, "Aaa! Ni kama M-Pesa ikikwambia salio halitoshi!" Mwingine, ambaye baba yake ni fundi wa ujenzi, akasema polepole, "Ni kama baba akimaliza kazi, anaambiwa nitakutumia jioni." Darasa zima likanyamaza. Huyo hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alijua jioni hiyo ni ya aina gani.

Sasa nikauliza, "Hapa kwetu, ni hundi gani imerudi?" Msichana mmoja akasema, "Kitambulisho." Akasimulia vile dada yake mkubwa alivyotafuta kitambulisho, akaambiwa alete karatasi za babu, wakati wenzake wa shule moja walipata bila kuulizwa babu.

Wewe unayesoma, kama ni Msomali, Mnubi, au umetoka kwenye jamii za mipakani, habari hii huhitaji kuambiwa. Kifungu cha 12 kinasema kila raia anastahili pasipoti na hati za usajili. Mwaka wa 2011, Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kuhusu uraia wao. Februari 2025, Rais William Ruto akatangaza mwisho wa ule uchunguzi wa ziada uliowasumbua watu wa kaskazini kwa miaka mingi. Niliwapa watoto habari hiyo, nikawauliza swali moja: tangazo ni hundi au ni pesa mkononi? Wakajibu karibu kwa pamoja kwamba ni hundi. Pesa ni siku dada atakapoenda ofisini na kuhudumiwa kama mwenzake. Hawakumtukana mtu. Hawakulidharau tangazo. Walijua tu kulisoma, na kwamba kazi iliyobaki ni kufuatilia.

Kisha nikaleta hotuba ya nyumbani kabisa. Kiongozi mmoja, jina halitusaidii, alikuwa ameongea kwenye harambee na maneno yake yakazunguka kwenye simu. Nikanakili sentensi sita. Kazi ya watoto: zungushia duara kila kitenzi. Wakapata "nimewaletea basari", "nimewapa madarasa", "nimewajengea barabara", "nimewakumbuka". Nikauliza, "Ametoa wapi pesa?" Wakasema mfukoni mwake. Tukarudi nyuma. Mama akinunua sabuni dukani, kuna kodi ndani ya bei. Hiyo kodi inaenda wapi? Inarudi vipi? Ikirudi ikiwa darasa, ni zawadi ya nani? Tukarudi kwenye yale maneno manne ubaoni. Mtoto mmoja akaenda, akafuta "nimewaletea", akaandika "zimeletwa."

Sasa mzee mmoja kwenye kikao alinisimamisha hapo. Akasema, "Binti yangu, unawafundisha watoto kutoshukuru." Swali lake lilikuwa la haki, nikamjibu. Dini yetu inatufundisha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Mtu akikuletea barua, mshukuru kwa kuileta, mpe maji ya kunywa. Lakini barua si yake. Akisema asipopendezwa haileti, hapo mtoto awe na adabu ya kusema, "Samahani mzee, hiyo barua ina jina langu."

Nikiri na kosa langu. Baada ya wiki kadhaa, msichana mmoja alihesabu hotuba zetu zote kwa vidole, akauliza, "Hakuna mwanamke aliyewahi kuongea?" Nilikuwa nawafundisha kutafuta nani hakutajwa, na mimi mwenyewe sikuwa nimeona. Wiki iliyofuata nikaleta hotuba ya Mama Wangari Maathai, aliyoitoa Oslo tarehe 10 Desemba 2004 alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwishoni anakumbuka kijito cha karibu na kwao, alikokuwa akimtekea mama yake maji, na mayai ya chura aliyodhani ni shanga. Watoto wa Kajiado wanajua maji kuliko mimi. Wameona mifugo ikifa kwa ukame. Tukaisoma pamoja na kifungu cha 42, haki ya mazingira safi yenye afya, na hakuna aliyeniambia eti usawa ni namba.

Hotuba ambayo ilitushtua sisi watu wazima ni ya Sayyidna Abu Bakr (R.A.), alipopewa ukhalifa baada ya Mtume kufariki. Aliwaambia watu, kwa maana yake, kwamba amewekwa juu yao ilhali si mbora wao. Akifanya vizuri wamsaidie, akikosea wamnyooshe. Mnyonge kwao ni mwenye nguvu mbele yake mpaka ampatie haki yake. Nikawapa watoto swali la kwenda nalo nyumbani: hapa kwetu, mnyonge ni nani?

Wiki iliyofuata tulikuwa na wageni, wazee wa kamati ya madrasa. Msichana wa miaka kumi na moja akasimama kutoa jibu. Akasema, "Mnyonge ni sisi. Wavulana wanasoma ndani. Sisi tunasoma nje chini ya mabati. Mvua ikinyesha tunarudishwa nyumbani. Nimehesabu, muhula huu tumekosa Jumamosi tano."

Alisema kwa adabu, mikono imefungwa kifuani, macho chini. Lakini aliyasema. Mzee mmoja akakasirika, akaniambia tumefundisha utovu wa adabu. Na mimi, nisikufiche, niliogopa. Niliogopa tutafungiwa darasa. Lakini huyo mtoto alikuwa amesema uongo gani? Ile mvua sote tunaiona. Yale mabati tumeyaweka sisi. Tumeandamana kwa ajili ya vitambulisho, tumelalamika vile hijabu za mabinti zetu zinavyosumbuliwa kwenye baadhi ya shule, na hapa kwetu binti huyohuyo tunamrudisha nyumbani na matope.

Kamati ilikaa. Pesa za kujenga chumba cha pili hazikuwepo, na mpaka leo hazijatimia. Kilichoamuliwa ni zamu: wiki hii wasichana ndani, wiki ijayo wavulana ndani. Jumamosi ya kwanza ya zamu, mvua ikanyesha, wavulana wakalowa, wakaja kwangu kulalamika kwamba si haki. Nikawaambia vizuri sana, andikeni hotuba. Wakaandika. Sentensi ya mwisho ilisema wanaomba chumba cha pili kijengwe haraka ili asilowe mtu yeyote. Unaona? Mpaka mvua ilipowanyeshea, hiyo haikuwa shida yao.

Kwa hivyo nakwambia mapema, mzazi, kabla hujaniambia njoo ufundishe kwetu. Ukimfundisha mtoto kusoma hotuba, atakusoma na wewe. Atamsoma imamu, atamsoma mwalimu, atanisoma mimi. Kama hatuko tayari kwa hilo, basi tusianze. Lakini Allah ametuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Aya hiyo iko Suratun Nisaa, ya 135. Hatuwezi kuihifadhisha kwa watoto kisha tukashangaa wameielewa.

Najua hofu iliyo moyoni mwako, kwa sababu ilikuwa yangu pia. Unasema, zamani hizi, huyu mtoto tusije tukamtia matatani. Nakuelewa. Hatuwapeleki watoto kwenye maandamano. Hatuwapi maneno ya kusema. Tunakaa chini na penseli. Na mtoto asiyefundishwa kusoma maneno yuko hatarini zaidi, kwa sababu yeyote mwenye sauti kubwa atamchukua: mwanasiasa atamchukua kwa elfu moja, na mwenye chuki atamchukua kwa jina la dini. Aliyezoea kuuliza "nani anasema, anataka nini, nani hakutajwa" ni vigumu kumburuta.

Na yule mvulana wa swali la kwanza? Nilimjibu, ingawa nilichelewa. Nilimwambia kilichotokea, bila kupunguza na bila kuongeza. Mawakili walikwenda Mahakama Kuu kuomba watu hao watatu waletwe. Jaji akamtaka kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi afike, hakufika. Tarehe 13 Septemba akahukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama, hukumu iliyofutwa baadaye alipofika. Tarehe 20 Septemba, baada ya siku 32, wale watatu walipatikana wakiwa hai. Nilimwambia siwezi kumwahidi kwamba hakuna mtu atakayechukuliwa tena. Ningekuwa mwongo. Nilimwambia kwamba Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mara tu mahakama inapofunguliwa, na kwamba watu walirudi kwa sababu kuna waliojua hilo na hawakuacha kuuliza.

Akafikiria. Akasema, "Kwa hivyo waliokuwa nje ndio walikuwa wanaongea." Nikamwambia ndiyo. Akaenda kucheza.

Sasa kazi yako. Huhitaji kuwa mwalimu. Huhitaji darasa. Unahitaji mtoto, penseli, na nusu saa baada ya Maghrib.

Chagua kipande kifupi, mistari sita au minane, usizidishe. Kiwe kwa Kiswahili chepesi. Kama ni cha lugha nyingine, mweleze mtoto kwa maneno yenu ya nyumbani. Msomee mara ya kwanza asikilize tu, usimkatize. Mara ya pili asome mwenyewe, apigie mstari maneno yanayojirudia na maneno asiyoyajua. Mara ya tatu muulize maswali haya matano: Nani anasema? Anawaambia nani? Ameahidi nini, au anadai nini? Akisema "sisi", nani yumo na nani hayumo? Na kilichosemwa, je, kimefanyika? Ukiuliza, nyamaza. Hesabu mpaka kumi moyoni. Jibu likichelewa, liache lichelewe.

Mwisho mpe dakika mbili asimame aseme yake, kuhusu kitu anachokijua: choo cha shule, gari la shule linalojaza watoto kupita kiasi, mwenzake anayeitwa majina kwa sababu ya kabila lake au hijabu yake. Msikilize kama unavyomsikiliza mtu mzima. Akikosea ukweli, mrekebishe. Akivuka adabu, mrekebishe. Akisema kweli inayokuuma, usimrekebishe. Hiyo ifanyie kazi.

Maalim, mkitaka kuanza Bissil, Isinya, Namanga, Ngong au popote ulipo, tuandikie hapa chini tukupe vipande tulivyovitumia. Wazazi wa Kitengela, Jumamosi darasa lipo kama kawaida, baada ya Dhuhr. Na kama una mabati, mawe, au siku moja ya kazi ya fundi, chumba cha pili bado kinasubiri. Huo, ndugu zangu, sio msaada. Ni deni tunalodaiwa na wale wasichana.

Mtume wetu katika Hija ile aliagiza kwamba aliyepo amfikishie asiyekuwepo. Mimi nilikuwepo, nimekufikishia. Sasa wewe umeshakuwepo.

Allah atujaalie tuwe wenye kusikia maneno na kufuata yaliyo bora zaidi. Awalinde watoto wetu, na atupe sisi subira ya kusomwa nao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.